Koo la Pili

Katika miaka yote aliyopuliza pembe, Onésphore alijua sauti moja tu, na alijigamba nayo kama mtu mwenye mashamba pande zote mbili za mpaka.

Amakondera, zile pembe za ngoma ya Kinyarwanda, ndivyo yalivyo. Kila mtu na pembe yake ndefu, kila pembe na sauti yake moja, na wimbo unapita mdomo kwa mdomo kama ndoo za maji mikononi mwa watu wanaozima moto. Sauti ya Onésphore ilikuwa ile ya chini, nene, inayobaki peke yake bibi harusi anapotoka mlangoni kwa wazazi wake. Katika kundi lao, huko Masisi, upande wa Congo, walikoishi kabla ya kurudi Rwanda, desturi ilikuwa hiyo: ngoma zinanyamaza, wenzake wote wanashusha pembe, na sauti hiyo inamsindikiza binti mpaka barabarani bila kukatika hata mara moja.

Na kwa kuwa hakuna mwanadamu anayepuliza bila kuvuta pumzi, nyuma ya Onésphore alisimama Callixte, mwenye pembe ya sauti hiyohiyo. Callixte alishikilia pale Onésphore alipopumua. "Huyu ni pumzi yangu ya akiba," Onésphore aliwaambia watu, na Callixte alicheka. Pembe yake ilikuwa na ufa uliozibwa kwa nta ya nyuki, na daima ilikaa chini kidogo ya ilipotakiwa kukaa, unywele tu. Walimtania kwa hilo maisha yake yote.

Sifa zilikwenda kwa aliyesimama mbele. Onésphore hakuziacha zipungue. Alisimulia kwamba siku moja alijaribu pembe karibu na Petite Barrière, pale mpakani, na askari wa zamu akainua kizuizi na kupiga saluti, akidhani waziri anapita. Alisimulia kwamba ng'ombe wa Cyanzarwe waliifuata sauti yake hadi Congo, wakakaa huko msimu mzima, na waliporudi walikuwa wanaelewa Kilingala. Nani angebisha? Mashahidi wake wote aliwachagua miongoni mwa marehemu.

Maana kundi lilikuwa limekwisha. Vita vilipopita Masisi, wengine walikufa, wengine walitawanyika, na mmoja aliokoka, akatangaza kwamba pembe ni mali ya shetani, akaitumia yake kufungia mlango wa banda la kuku. Callixte alizikwa hukohuko njiani, mahali ambapo hakuna aliyerudi tena kupaangalia. Mke wa Onésphore naye alibaki katika udongo wa upande ule. Onésphore akaingia Gisenyi na pembe yake begani, akapata nyumba Mbugangari, na ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na kiti kimoja kilichokaliwa na vitatu vilivyopanguswa vumbi.

Mwaka ule barabara ya Ruhengeri ilipoanza kupitika tena bila hofu, watu walianza kuoana kama waliokuwa wamefungiwa. Alasiri moja Pascasie, mjane wa Callixte, akaja, akakaa kwenye kimoja cha vile viti vitatu.

"Dative anaolewa," alisema. "Mwisho wa mwezi."

"Nimesikia, mama. Na muume wake mukubwa, wanasema. Akiingia mulangoni, kwanza anaingia tumbo."

Pascasie hakucheka. "Callixte hakuniachia maneno mingi, unajua mwenyewe. Ile siku ya mwisho alisema tu: Dative akitoka nyumbani, pembe isikose. Ni ile moja tu aliomba. Sasa mi nauliza, iko mutu gani amebaki?"

"Mi niko."

"We peke yako?"

"Mama Dative, ile sauti ya kusindikiza ilikuwaka ya nani? Wengine walikuwa wanajaza kiwanja. Enda ulale. Binti ya Callixte atatoka na pembe mpaka huko ziwani samaki watatoka kuangalia."

Pascasie akaenda. Onésphore akateremsha pembe ukutani, akaifuta, akajaza kifua, akapuliza.

Ikatoka sauti ya mbuzi aliyepotea.

Akapuliza tena. Mbuzi yuleyule. Sauti ilikuwa pale pale ilipotakiwa, hata unywele haikuhama, lakini ilikuwa nyembamba na kavu, haikujaza hata chumba, sembuse kiwanja cha harusi. Akadhani pembe imekauka. Akaipaka siagi ya ng'ombe kwa ndani, akailaza usiku kucha kama mgonjwa. Ikawa mbuzi aliyepakwa siagi. Akadhani ni meno, akatafuta pengo jipya kwa ulimi, hakuliona. Akaenda kupuliza chooni, ambako kila sauti huwa kubwa, na jirani akapaza sauti juu ya ua: "Muzee, kama iko mubaya, dispensaire haiko mbali."

Siku zikaenda. Kila alasiri alipuliza, akasikiliza, akaitundika. Kilichomuuma hakikuwa kucheka kwa jirani. Kichwani alimwona Dative akitoka mlangoni na kibuzi kikimlilia nyuma, kisha kibuzi kinakatika ili kivute pumzi, kisha kinaanza tena. Ombi moja la marehemu, na yeye alikwisha kumwambia mjane akalale.

Ndipo akamkumbuka Saidati.

Saidati alikodisha vipaza sauti vya harusi, chumba chake kikiwa kando ya njia inayoelekea mpakani, pale wachuuzi wanapopita na mizigo tangu asubuhi. Mumewe, Abdu, alipiga kinanda katika orchestre moja ya Goma. Alikwenda Kisangani na wenzake kabla ya vita, na tangu hapo habari zake zilikuwa za aina mbili: ameonekana, hajaonekana. Kinanda kilibaki, kwa sababu kilikuwa kizito na kikuukuu, wakachukua kingine. Kila siku baada ya swala ya alasiri Saidati alikifunua, akakiwasha, akakiacha kipate moto. Unyevu wa ziwa, alisema, unaua vyuma. Watu walikubali kwamba ni unyevu.

Onésphore alikuta mlango wazi na Saidati ameketi mbele ya kinanda kinachowaka, mikono mapajani.

"Karibu, Muzee. Unatafuta micro?"

"Natafuta mwizi mwenzangu." Akakaa. Akamweleza mpango wake bila haya, maana alikwisha kuuona kuwa mzuri: siku ya harusi kinanda kifichwe nyuma ya pazia la jikoni, kitoe sauti ya pembe, na yeye asimame mbele, pembe mdomoni, mashavu yamejaa hewa, asipulize chochote. "Kazi ya mashavu niko naijua," alisema. "Nitatoa na jasho."

"Utadanganya arusi nzima?"

"Nilidanganyaka wengi kuliko hao, na bila umeme."

Saidati akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza pengo kati ya meno yake likaonekana. "Bon. Puliza kwanza, nisikie hiyo unataka niibe."

Akapuliza. Mbuzi akalia. Saidati akawa anatafuta kwenye vibao vya kinanda mpaka akapata palepale pembe ilipokuwa, akakishikilia kibao hicho kwa kidole.

"Hii kitu," alisema, "batu wanafikiri iko na sauti ndani, kama redio. Hapana. Iko na koo. Koo inalia, we unaichagulia inalia namna gani. Angalia hapa."

Kando ya kifungo kimoja kulikuwa na michoro midogo, iliyofutikafutika kwa vidole vya Abdu. Onésphore akainama. Wa kwanza ulikuwa mstari unaopanda na kushuka taratibu kama vilima vinavyoonekana kwa mbali. Saidati akageuza kifungo hapo, na ikatoka sauti laini, tupu, kama mtu anayepuliza juu ya mdomo wa chupa.

"Hiyo ni maji," alisema Onésphore.

"Ni maji. Haina kitu ndani, haina chumvi." Akageuza. Mchoro wa pili ulikuwa vilele vilivyochongoka pande zote mbili sawasawa, na sauti yake ilikuwa ile ile ya chupa, lakini na ukali kidogo ukingoni, karibu na filimbi. Wa tatu ulikuwa kama makasha yaliyopangwa, moja juu, moja chini. Sauti ikawa ya puani, yenye uwazi katikati, kama kuongea ndani ya bomba.

"Huyo mutu iko na mafua," alisema Onésphore.

"Abdu alikuwaka napenda huyo kwa kuiga clarinette." Alilitaja jina la mumewe haraka, kama mtu anayevuka barabara. "Sasa sikia huyu."

Mchoro wa mwisho ulikuwa meno ya msumeno. Panda polepole, anguka ghafla, panda, anguka. Sauti ikaja na kukwaruza, na mwanga na uchafu ndani yake, midomo ikitetemeka juu ya mfupa. Onésphore akakaa wima.

"Pembe," alisema.

"Pembe. Hii iko na kila kitu ndani, njo maana inakwaruza. Sasa naifunika mudomo kidogo, isipige kelele ya bati." Akapunguza kifungo kingine, ukali ukashuka, ikabaki sauti ya chini ya pembe halisi, imara, palepale ilipotakiwa.

Wakaisikiliza wote wawili. Ilikuwa nyembamba na kavu.

"Lakini huyu ni mi," Onésphore alisema. "Ni mi wa siku hizi. Mi nataka wa zamani. Mashini ya Wazungu nayo imezeeka?"

"Haijazeeka. Koo moja ni koo moja, Muzee. Hata ya malaika. Ngoja, hii iko na ya pili."

Akawasha koo la pili, nalo akalipa meno ya msumeno. Kwanza akaliweka ngazi nzima chini ya la kwanza, na chumba kikapata sakafu. Vikombe kwenye trei vikanong'ona. Ilikuwa kubwa, lakini Onésphore akatikisa kichwa. Hiyo ilikuwa lori linalopanda mlima, siyo yeye. Saidati akalipandisha likawa sawasawa na la kwanza, akakaza sikio, akasogeza, akasogeza, mpaka makoo mawili yakafungana kabisa.

"Sasa?"

"Nasikia mutu mumoja anapiga kelele."

"Ee. Kama ziko sawa kabisa, hazijazani. Ziko mutu mumoja mwenye nguvu. Abdu alikuwa ananiambia, Saidati, usiwapatanishe sana." Akashika kifungo kidogo cha koo la pili, akakirudisha chini. Akazidisha, na sauti ikaanza kutetemeka kwa ugomvi, kama majirani wawili kwenye ua mmoja. Akarudi juu kidogo. Ugomvi ukatulia, ukawa wimbi la polepole, sauti ikifumka na kujikunja, ikifumka na kujikunja. Haikuwa tena kwenye kipaza sauti. Ilikuwa chumbani kote, nene, ya joto, na ilikuwa inatembea.

Nje, mwanamke aliyepita na beseni la ndizi kichwani alisimama mlangoni, akatazama ndani, akaendelea na safari.

Onésphore alikuwa ameweka mkono juu ya goti lake na mkono haukuwa unafanya chochote.

"Ni yenyewe?" Saidati aliuliza.

Onésphore aliinamia kipaza sauti, sikio la kushoto mbele.

"Muzee?"

"Zima ile ya kwanza," alisema. "Acha ya pili."

Akazima koo la kwanza. Kikabaki kisauti kimoja chembamba, kikavu, chini ya kilipotakiwa kukaa. Unywele tu. Onésphore aliijua sauti hiyo kama mtu anavyojua kikohozi cha mtu wa nyumbani kwake. Alikuwa ameisikia nyuma ya sikio lake la kushoto katika kila harusi ya ujana wake na ya utu uzima wake. Alikuwa ameicheka mbele ya watu. Mara moja alimwambia mwenye sauti hiyo abadilishe nta.

"Huyu ni Callixte," alisema.

Saidati alitazama kinanda, kisha akamtazama yeye. "Baba ya bibi arusi?"

"Alikuwa anasimama nyuma yangu. Mi nilifikiri ananishikia pumzi." Akaitazama pembe yake. "Hakuwa anangoja mi nipumue. Alikuwa anapuliza wakati wote. Ile sauti nene, mama, ile batu walikuwa wanatoka mbali kuja kusikia..." Akaonyesha kwa kidole kifungo kidogo cha koo la pili.

Saidati alikiacha kibao. Kinanda kiliendelea kunguruma kidogo kwa umeme wake.

"Naweza kuweka zote mbili," alisema hatimaye. "Naficha kwa pazia, we unafanya mashavu. Itakuwa muzuri, hakuna mutu atajua."

Kwa mtu mwingine Saidati angeona jibu usoni. Onésphore alikuwa na uso wa mwongo mzoefu, hauonyeshi kitu. Alifikiria mashavu yake yakiwa yamejaa hewa bure mbele ya Dative. Alifikiria kibuzi.

"Weka ya pili peke yake," alisema. "Ya kwanza nitapuliza mwenyewe."

"Na kama pumzi ikikatika?"

"We ushikilie. Njo kazi yake."

Walifanya mazoezi kila alasiri mpaka siku yenyewe. Haikuwa rahisi. Kinanda kikiwa baridi kilipanda na kushuka chenyewe, ikabidi Saidati akiwashe mapema na kungoja. Pembe nayo ilibadilika mate yalipoipasha joto. Walitafutana, wakapotezana, wakaangukia ugomvi wa majirani, wakarudi. Na kila mara sauti mbili zilipokutana pale mahali penye wimbi la polepole, Onésphore alihisi mgongo wake umepata ukuta. Alipotoka humo na kurudi Mbugangari, alitembea taratibu kuliko alivyokuja. Nyumbani hakupuliza tena. Hakutaka kujisikia akiwa mmoja.

Siku moja alimuuliza Saidati, "Na we, mbona unaiwasha kila siku lakini hupigi?"

"Abdu njo alikuwa anapiga. Mi nilikuwa namuwekea sauti." Alipangusa vumbi lisilokuwepo. "Naiweka vile alikuwa anapenda, basi nangoja. Saa ingine nazima."

Onésphore alikuwa na hadithi tayari kuhusu mpiga kinanda aliyerudi kutoka Kisangani akiwa amepanda kiboko. Ilimfikia mdomoni, akaimeza.

Harusi ilikuwa katika kiwanja cha Pascasie. Turubai la bluu lilifungwa kwenye mikaratusi, masanduku ya bia na Fanta yalipangwa kivulini, na jenereta iliwekwa mbali nyuma ya jiko ili isivuruge. Saidati alikuwa amefika tangu asubuhi, kitambaa cha kijani kichwani, kinanda kikipata moto. Hakukuwa na pazia. Kipaza sauti kimoja kiliwekwa juu ya kiti, nyuma ya mahali Onésphore aliposimama, upande wa kushoto, na mgeni mmoja akamuuliza kwa nini kiti kizima kimepewa sanduku wakati wazee wamesimama.

"Huyo mwenye kiti ni mukubwa kuliko we," Onésphore alimjibu. "Mupishe."

Dative akatokea mlangoni na mishanana yake, mavazi ya bibi harusi, ikimeremeta, mama yake akimshika mkono kisha akimwachia. Ngoma mbili zilizokodiwa mjini zilinyamaza. Onésphore akajaza kifua.

Mbuzi alianza kulia, na kwa mapigo machache ya moyo alikuwa peke yake katika kiwanja chote. Kijana mmoja akacheka. Kisha nyuma ya sikio la kushoto la Onésphore ikaingia sauti nyingine, chini kidogo, ikitafuta, ikapita, ikarudi, ikakaa. Sauti ikafumka. Kijana aliacha kucheka. Turubai lilianza kutetemeka kwenye kamba zake, na watu waliokuwa wanamimina bia wakasimamisha chupa.

Dative alikuwa ameshuka ngazi moja. Akasimama. Hakumtazama Onésphore. Aligeuza uso kuelekea kile kiti chenye sanduku, akakitazama kwa muda, na midomo yake ikafunguka kidogo kama mtoto anayeitwa kutoka chumba kingine. Halafu akaanza kutembea, polepole mno, na mumewe mwenye tumbo, ambaye hakujua kitu, akapunguza hatua ili alingane naye.

Onésphore alivuta pumzi mara nyingi kuliko zamani. Kila alipovuta, sauti nyuma yake ilibaki, nyembamba, haikukatika. Kila aliporudi aliikuta inamngoja. Walimfikisha Dative kwenye lango. Walimfikisha kwenye gari. Mlango wa gari ukafungwa, na gari likateremka kuelekea ziwani, likakata kona.

Hapo Onésphore akashusha pembe. Kifua kilikuwa kinamwenda mbio na midomo yake haikuwa na hisia. Pascasie alikuwa bado kwenye ngazi, mkono shavuni, hajamtazama mtu. Wageni walikwisha kugeuka. Mtu mmoja alikuwa anaita muziki wa kucheza, mwingine anatafuta kifungulio. Saidati akainua kidole kutoka kwenye kibao.

"Usitoe," Onésphore alisema.

"Bibi arusi ameenda, Muzee."

"Najua. Usitoe bado."

Kidole kikarudi kwenye kibao. Koo la pili likaendelea juu ya kelele za glasi na viti, jembamba, kavu, chini kidogo ya mahali pake, bila mtu wa kulijibu. Onésphore angeweza kuinua pembe. Alikaa chini, kwenye ardhi, mgongo ukielekea lile sanduku, akasikiliza.